Diski Isiyolia

Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitoa mtambo wa RAMAC. Diski yake ilikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24, uzito wa tani nzima, na nafasi ya herufi milioni 5 tu. Juzi mwanangu alifungua kompyuta yake ya mpakato, ile ya michezo, ili achomeke kikadi cha terabaiti 2. RAMAC 400,000 hizo, jamani! Kikadi hicho ni uzao wa kumbukumbu ya NAND, waliyoitangaza Fujio Masuoka na wenzake wa Toshiba mwaka 1987. Hakina kinachozunguka. Diski za sahani aghalabu zililalamika kabla ya kufa. Zilikwaruza, zikagonga, nasi tukawahi kunakili. Hizi huweza kukata roho kimya. Nikamwambia anakili kwanza, mahali pawili, picha za marehemu bibi yake.