Jua Limechoma Rangi, Lakini Chumvi Ndiyo Inaua Gari

Piga picha hii kwa akili: Dodge Charger ya 1969 imeachwa jangwani Arizona miaka na miaka. Rangi imefifia hadi huwezi kusema kama ilikuwa nyekundu ama ya machungwa. Dashibodi imepasuka kama shamba la kiangazi. Wasee wengi wataiangalia mara moja waseme hiyo ni ya kuuza kwa kilo. Zii. Hiyo ndiyo gari watu wa kurekebisha magari ya zamani wanatafuta usiku na mchana, na ukitaka kujua mbona, lazima turudi Detroit.

Mwaka wa 1964, kampuni ya General Motors ilikuwa na sheria yake ya ndani: gari ya saizi ya kati isipewe injini kubwa kupita kiasi. John DeLorean na wenzake pale Pontiac wakaona njia ya kupenya. Hawakuitoa kama gari mpya. Walichukua Tempest, gari ya kawaida tu, wakaweka V8 kubwa kama nyongeza ya kulipia, wakaiita GTO. Mwaka huo wa kwanza ziliuzwa zaidi ya 32,000. Hapo ndipo mbio za gari za misuli zilishika moto: bodi ya kawaida, injini ya kutisha, na bei ambayo kijana mwenye kazi angeweza. Plymouth Road Runner ya 1968 ilianza chini ya dola 3,000.

Halafu sherehe ikaisha. Sheria ya hewa safi ya 1970 ilibana moshi wa magari. Kampuni za bima nazo zikapandishia vijana malipo. Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zikakatia Marekani mafuta, na foleni za petroli zikawa ndefu vibaya. Ghafla ile V8 yako ya kujishaua ikawa mzigo. Watu waliziuza bei ya kutupa, wengine wakaziegesha nyuma ya nyumba wakazisahau.

Sasa sikiza, kwa sababu hapa ndipo mambo yanageuka. Mahali gari iliachwa ndipo paliamua kama itaishi.

Chini ya jiji la Detroit, zaidi ya mita 300 kwenda chini, kuna mgodi mkubwa wa chumvi. Chumvi ya aina hiyo humwagwa barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Ikichanganyika na maji, inarukia chini ya gari, inajificha kwenye mikunjo ya bodi, inaanza kutafuna chuma polepole. Fikiria hiyo: jiji lililozaa hizi gari limekalia kitu kinachozimaliza. Na Charger ama Mustang haina fremu ya pekee ya kuibeba. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo. Sakafu ikioza, gari yote imelegea, hata kama juu inang'aa.

Arizona ni kinyume. Jeshi la Marekani huhifadhi maelfu ya ndege kuukuu pale Tucson, nje, peupe, kwa sababu hewa ni kavu na kutu inakosa maji ya kuanzia kazi. Lakini hilo jua nalo halina huruma. Rangi za enzi hizo hazikuwa na ile tabaka angavu ya juu kama za siku hizi, kwa hivyo miale ilipiga rangi moja kwa moja ikavunja gundi inayoishikilia. Ukipitisha kidole inabaki na vumbi kama la chaki. Mpira wa madirisha unakauka, viti vinachanika.

Yote hayo yanauma mfuko, lakini ni vitu vya kubadilisha. Kukata sakafu nzima na kuichomelea upya bila kupinda bodi ni kazi ya daraja lingine.

Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa hii hadithi, upepo wa bahari umemfundisha. Na fundi yeyote wa jua kali anajua ujanja wa kupaka puti juu ya kutu, kisha rangi mpya, kisha bei mpya. Ndiyo maana mnunuzi mjanja anatembea na sumaku kidogo. Kwenye chuma inashika. Kwenye puti nene inaanguka.

Tena si kila kovu ni la kufutwa. Ile Mustang ambayo Steve McQueen aliendesha kwenye filamu ya Bullitt ya 1968 ilinunuliwa na familia moja mwaka wa 1974. Baadaye waliifufua iweze kutembea, lakini rangi iliyochoka na mikwaruzo wakaiacha vile ilivyo. Januari 2020 ikauzwa mnadani Florida kwa dola milioni 3.4. Hakuna aliyedai ipakwe rangi kwanza. Rangi mpya unaweza kununua wakati wowote, ile ya kwanza ikitolewa hairudi.

Kwa hivyo siku yako ya kununua gari ikifika, hata kama ni Vitz ya mkono wa tatu, usianze na kung'aa. Lala chini na tochi, angalia sakafu. Rangi itakungoja.