Normal Ilianza kwa Seremala

Kabla halijaanza kuhukumu watu, neno "normal" lilikuwa la kona. Warumi waliita skwea ya seremala norma. Waingereza wa karne ya 17 walitumia normal kwa mstari uliosimama nyuzi 90 juu ya mwingine, na wanahisabati wanasema hivyo hadi leo.

Karne ya 19 mambo yakageuka. Madaktari wa Ufaransa wakaliweka neno mwilini: kuna hali normal, halafu kuna ugonjwa. Mwaka 1835 Mbelgiji Adolphe Quetelet akaandika kuhusu "mtu wa wastani". Kisha Francis Galton akasaidia kueneza jina "normal" kwa mchoro wa takwimu wenye umbo la kengele. Galton huyohuyo ndiye aliyebuni, 1883, neno yujeniksi, yaani ile fikra ya kuchagua nani azae na nani asizae.

Naona shida iko hapa: neno lilihama na skwea yake. Likawa linasema "wengi wako hivi" na "hivi ndivyo inafaa" kwa pumzi moja. Kwa hivyo mtu akiniambia fulani si normal, namuuliza tu: umehesabu, ama umehukumu?