Pombe Iliyopoteza Meza Yake



Hapa Kamituga husemwa mara nyingi kwamba ulevi ni desturi tuliyoirithi kwa mababu. Nimeongoza sala za maziko ya vijana niliowafundisha katekisimu, nami siwezi kukubali kwamba mababu ndio waliowaua. Historia yasema vingine.

Wazee Warega walikunywa, hilo hatulifichi. Lakini pombe yao ya ndizi, tunayoiita kasiksi, huharibika baada ya siku chache. Aliyeitengeneza hakuweza kuiweka akiba. Alilazimika kualika watu, kwenye ndoa, matanga au karamu za Bwami. Katika chama hicho mtu hakupanda daraja kwa mali peke yake. Mwenendo wake ulipimwa, naye alifundishwa kwa methali na kwa sanamu ndogo za mti na pembe za ndovu. Pombe ilikuwa na meza, na mezani waliketi wazee.

Meza hiyo ilivunjwa hatua kwa hatua. Kampuni ya MGL, iliyoundwa mwaka 1923, ilikuja kuchimba dhahabu yetu, na vijana wakahamia kambini kwa ajili ya mshahara, mbali na wazee wao. Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ikapiga Bwami marufuku. Kisha mwaka 1982 serikali ya Mobutu ikaruhusu wananchi kuchimba kwa mikono, na fedha ikawa ya kubahatisha: leo gramu, kesho mikono mitupu, kesho kutwa shimo limeporomoka. Asiye na hakika ya kesho hunywa fedha yake usiku uleule. Nayo kanyanga haiharibiki kama kasiksi. Huuzwa kwa glasi, na mtu aweza kuinywa peke yake.

Bwana wetu hakuikataa divai kule Kana. Aliitoa katika karamu, mbele ya jamaa na wageni, baada ya Mama Maria kuona upungufu wa wengine. Basi tusiishie kulaani chupa. Tuijenge upya meza.

Tujiulize katika kikundi:

Ni nani katika shirika letu anayekunywa peke yake, na ni nani kati yetu amekwisha kumtembelea?

Kijana akitoka shimoni Jumamosi jioni na fedha mkononi, sisi tumemwandalia meza gani?