Kupandikizwa figo na kurudi Ituri: namna ya kumeza dawa za kinga bila hatari

Mtu wa Djugu ao wa Bunia ambaye figo zake zimekufa, na anahitaji figo ya mtu mwingine, analazimika kutafuta matibabu mbali. Katika nchi jirani, hospitali ya taifa Muhimbili ya Dar es Salaam ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017. Uganda ilipitisha sheria juu ya kazi hiyo mwaka wa 2023, na hospitali ya Mulago ya Kampala ikafanya operesheni ya kwanza Desemba mwaka ule ule. Hospitali King Faisal ya Kigali nayo ilianza 2023. Wengine wanakwenda Nairobi ao India.

Kisha operesheni, mgonjwa anarudi nyumbani na mfuko wa dawa. Dawa zile zinamezwa kila siku, muda wote ile figo mpya inafanya kazi. Kwa mtu anayeishi pahali ambapo barabara inaweza kufungwa siku yoyote, yeye na jamaa yake wanapashwa kufahamu mambo haya mapema.

Kwa nini mwili unakataa figo mpya

Kinga ya mwili inafanya kazi ya ulinzi: kila kitu kigeni kinachoingia, inakipiga. Haijui kwamba figo ya ndugu imekuja kusaidia. Tarehe 23 Desemba 1954, kule Boston, Marekani, munganga Joseph Murray alimpandikiza mgonjwa figo iliyotolewa kwa pacha wake. Haikukataliwa, juu walikuwa mapacha wa kufanana kabisa. Kwa watu wengine wote, hata mtoto na mama yake, inaomba dawa za kupunguza nguvu ya kinga.

Lakini kinga ikipunguzwa sana, magonjwa yanapata mlango. Tarehe 3 Desemba 1967, kule Cape Town, munganga Christiaan Barnard alimpandikiza Louis Washkansky moyo wa mtu mwingine. Moyo ulifanya kazi, lakini mgonjwa alikufa kisha siku 18 kwa ugonjwa wa mapafu, kwani dawa zilikuwa zimedhoofisha kinga yake. Ndiyo maana kipimo cha dawa kinapangwa na waganga peke yao. Ikiwa kidogo, figo inakataliwa. Ikiwa nyingi, mgonjwa anashambuliwa na magonjwa.

Dawa zenyewe na saa yake

Mara nyingi mgonjwa anapewa dawa tatu: takrolimusi ao siklosporini, kisha mikofenolate ao azatioprini, na prednizoloni. Hakuna hata moja ambayo mgonjwa anaruhusiwa kuacha mwenyewe kwa sababu anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri juu ya dawa zile.

Takrolimusi ya kawaida inamezwa mara mbili kwa siku, na masaa 12 katikati: mfano saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Iko aina nyingine ya mara moja kwa siku. Aina hizo mbili hazibadilishwi hovyo, hata kama miligramu ni sawa. Famasi ikitoa sanduku tofauti na lile la zamani, mgonjwa aulize munganga kwanza.

Akisahau dozi na saa chache tu zimepita, kwa kawaida anaimeza pale anapokumbuka. Saa ya dozi inayofuata ikiwa karibu, asimeze mbili kwa pamoja, lakini apigie munganga wake simu. Akitapika ao akihara pia apige simu, juu kuhara kunaweza kupandisha takrolimusi ndani ya damu.

Siku ya kupima kiwango cha dawa katika damu, dozi ya asubuhi haimezwi mbele ya kutoa damu. Mgonjwa anakwenda nayo mfukoni, anaimeza kisha kupimwa.

Wenye kufunga kwa ajili ya maombi wazungumze na munganga mbele. Dawa inaendelea kumezwa na maji hata siku za kufunga.

Vitu visivyopatana na dawa hizi

Rifampisini, dawa inayotumika kutibu kifua kikuu, inashusha sana takrolimusi na siklosporini katika damu. Mgonjwa akikutwa na kifua kikuu asikatae matibabu, lakini aseme mara moja kwamba amepandikizwa, ili vipimo vibadilishwe. Dawa nyingi za kifafa, kama karbamazepini na fenitoini, zinafanya vile vile.

Kinyume chake, eritromisini na flukonazoli zinapandisha dawa hizo mpaka kuumiza figo. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo watu wanazinunua hovyo kwa maumivu ya mgongo, zinaumiza figo pia. Kwa maumivu, parasetamoli ndiyo afadhali. Alopurinoli, dawa ya ugonjwa wa guti, ni hatari sana ikichanganywa na azatioprini.

Pamplemusi na maji yake ziachwe kabisa. Dawa za majani na mizizi nazo ziachwe, juu hakuna anayeweza kujua zitafanya nini zikikutana na dawa hizi.

Homa, minyoo na chanjo

Homa ikifika digri 38, mgonjwa aende hospitali siku ile ile. Ipimwe malaria, lakini kipimo cha malaria kikionyesha hakuna kitu, uchunguzi uendelee. Kulala ndani ya chandarua na kunywa maji ya kuchemsha ni kazi ya kila siku. Katika Djugu, hasa upande wa Rethy, tauni inajulikana tangu zamani: panya wakianza kufa karibu na nyumba, mtu huyo aondoke na habari ipelekwe kwenye kituo cha afya.

Choo kipimwe pia. Kuna aina ya minyoo inayokaa mwilini miaka mingi bila dalili. Kinga ikipunguzwa, inaweza kuenea mwili mzima na kuua.

Chanjo zenye kijidudu hai, kama ile ya surua, ya homa ya manjano na ya polio ya matone, haziruhusiwi kwa mtu aliyepandikizwa. Kampanye ya chanjo ikifika kwenye kijiji ao kwenye kambi ya wahami, ajitambulishe. Kwa kuvuka mpaka, ambapo kadi ya homa ya manjano inaombwa, apate barua ya munganga inayoeleza kwa nini hakuchanjwa.

Mwanamke anayemeza mikofenolate anapashwa kutumia uzazi wa mpango. Dawa ile inaweza kutoa mimba ao kuharibu mtoto tumboni. Akitaka kuzaa, waganga wanabadilisha dawa kwanza, wiki sita ao zaidi mbele ya mimba.

Barabara ikifungwa

Barabara ya taifa nambari 27, inayotoka Bunia na kupita Djugu kuelekea Mahagi, imekatika mara nyingi kwa sababu ya mashambulizi. Mgonjwa asingoje sanduku la mwisho: dawa za mwezi mmoja zikibaki, kazi ya kutafuta nyingine ianze. Sehemu moja ikae nyumbani, nyingine kwa jamaa wa kuaminika mjini Bunia. Nyumbani zisiwekwe karibu na moto wala chini kabisa ya mabati, bali pahali pakavu na pa baridi, ndani ya sanduku lake.

Kifuko kidogo kikae tayari karibu na kitanda: dawa za wiki mbili, kopi ya ordonansi, majina ya dawa na vipimo, na nambari ya simu ya munganga. Watu wakikimbia usiku, kifuko kile kinatangulia nguo na sufuria.

Dawa zikiisha, asikate vidonge nusu ili vifike mbali, na asingoje maumivu. Figo inaweza kuanza kukataliwa bila mtu kusikia kitu. Kipimo cha kreatinini katika damu ndicho kinaonyesha mapema. Dalili zikija, ni mkojo kupunguka, miguu na uso kuvimba, kilo kupanda haraka, presha, homa, ao maumivu chini ya tumbo pale figo mpya ilipowekwa. Afike hospitali na masanduku matupu mkononi, na waganga waliompandikiza wapigiwe simu siku ile.

Jambo la mwisho linafanyika mbele ya safari. Familia iulize hospitali bei ya dawa za mwaka mzima na bei ya vipimo, isiulize ya operesheni peke yake. Inayouza ng'ombe wote ili kulipa operesheni itabaki bila kitu cha kulipia dawa, na figo iliyotolewa na ndugu inaweza kupotea. Ng'ombe wengine wabaki kwa ajili ya dawa.