Asili ya Shule za Bweni

Msomaji kijana, huenda siku si nyingi utaulizwa nyumbani neno zito: waenda shule ya bweni, au shule ya kutwa? Watu wengi hudhani kwamba jibu ni moja tu. Hunena kuwa shule njema ni ile yenye bweni, hasa ya kibinafsi yenye karo kubwa, na kwamba asomaye kwa kwenda na kurudi ni mtu aliyekosa bahati. Kabla hujakubali maneno hayo, yafaa tuitazame historia ya nchi yetu ya Kenya.

Katika mwaka wa 1926 misheni za Kiprotestanti ziliungana zikafungua shule ya Alliance huko Kikuyu, karibu na Nairobi. Siku zile shule za sekondari za Waafrika zilikuwa adimu mno. Oginga Odinga alitoka Sakwa, karibu na Ziwa Viktoria. Ronald Ngala alitoka upande wa pwani. Wote wawili, kila mtu kwa wakati wake, walisoma hapo. Je, mtu wa Sakwa angewezaje kufika Kikuyu asubuhi na kurudi kwao jioni? Ilimbidi alale shuleni. Tena wamisheni walikuwa na sababu ya pili: walitaka kumtenga kijana na mila za kwao, ili wamlee kwa desturi mpya. Wasichana walingoja zaidi, kwani shule yao ya sekondari huko Kikuyu ilifunguliwa mwaka wa 1948, nayo pia ilikuwa ya bweni.

Sasa tazama Mombasa. Huko, mwaka wa 1923, ilifunguliwa shule ya Allidina Visram. Serikali ya kikoloni iliwatenga watoto kwa rangi zao, na shule hiyo ilikuwa ya Wahindi. Hao walikaa mjini. Walisoma mchana, na usiku wakalala kwa wazazi wao. Je, elimu yao ilipungua kwa kukosa kitanda shuleni? Hasha. Waona basi kwamba bweni halikuwa alama ya ubora wa masomo. Lilikuwa dawa ya umbali.

Baada ya Uhuru wa 1963 umbali huo ulianza kupungua. Wananchi walichanga fedha na nguvu za mikono yao, wakajenga shule za Harambee karibu na vijiji vyao. Shule za kibinafsi nazo ziliongezeka. Mwaka wa 2008 Serikali ilianza kulipia masomo katika shule za sekondari za umma, lakini gharama za bweni ziliachiwa wazazi. Na katika shule ya kibinafsi, gharama zote ni juu ya mzazi.

Hata hivyo usidhani kwamba kazi ya bweni imekwisha. Wako wanafunzi wa nchi kavu za kaskazini ambao shule ingali mbali nao. Yuko msichana ambaye akifika nyumbani huteka maji, hupika na kulea wadogo zake, akafungua kitabu wakati usingizi umekwisha kumshika. Kwa hao, bweni ni msaada mkubwa. Tena humkutanisha kijana na wenzake wa makabila mengine.

Lakini mwanafunzi wa kutwa huonwa na wazazi wake kila jioni, na akiwa na huzuni hujulikana mapema. Wala bweni halikosi hatari. Mwezi wa Machi 2001 moto uliteketeza bweni la shule ya Kyanguli, wilayani Machakos, wakafa wanafunzi 67. Mzazi anayelipa karo kubwa ana haki ya kuuliza: bweni lina milango mingapi? Hufungwa usiku? Ni nani alalaye karibu na watoto?

Basi utakapoketi na wazazi wako, msianze na sifa za shule. Anzeni na hali yenu wenyewe. Shule ya karibu iko umbali gani, na walimu wake wakoje? Nyumbani kuna nafasi na saa za kusoma? Karo hiyo itawanyima ndugu zako nini? Kuuliza si ujinga. Wazee wetu wa 1926 hawakuwa na njia ya kuchagua, ninyi mnayo.