Kukarabati nyumba ya kupangisha Arua na Koboko: hesabu, sheria na mchwa

Arua, Uganda

Mfanyabiashara wa West Nile akipata faida ya mwaka mzuri, mara nyingi fedha hizo haziendi benki. Zinakwenda kwenye matofali. Anayeuza vitenge Ariwara, anayepeleka unga Yei na anayevusha mbao za Congo kupitia Vurra, wote kwa kawaida hununua nyumba ndogo ya zamani Arua au Koboko, huitengeneza kidogo na kuipangisha. Makala haya ni kwa ajili ya msomaji anayefikiria kufanya hivyo, au aliyerithi nyumba ya namna hiyo na hajui aanzie wapi.

Kwanza tutazame soko lenyewe. Arua ilipata hadhi ya jiji Julai 2020. Kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, Chuo Kikuu cha Muni kilichoanzishwa 2013, ofisi za serikali na mashirika ya misaada. Koboko, iliyotengwa na Arua kuwa wilaya mwaka 2005, ni mji wa mpakani hasa: Congo iko upande mmoja na Sudan Kusini upande mwingine kupitia Oraba. Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, yenye kilomita 92, imetiwa lami, na tangu hapo mtu anaweza kulala Koboko na kufanya kazi Arua bila kuumia mgongo.

Wapangaji wa miji hii miwili hawafanani. Arua utawapata walimu, wauguzi, wanafunzi na madereva wa malori ya masafa marefu. Koboko utawapata zaidi wachuuzi wa mpakani na familia za Sudan Kusini ambazo baba yuko Juba au Yei na watoto wako shule upande huu. Vita vya Desemba 2013, kisha mapigano ya Julai 2016 Juba, vilileta wapangaji wengi kwa muda mfupi. Waliojenga haraka wakati ule walipata. Lakini Desemba 2015 serikali ya Juba ilipoiacha pauni yake ielee sokoni, thamani ya pauni ilianguka vibaya, na mpangaji aliyekuwa akitegemea mshahara wa kule akashindwa kulipa pango la huku. Hali kadhalika, mwaka 2025 fedha za misaada za Marekani zilipokatwa, mashirika yalipunguza wafanyakazi. Mwenye nyumba anayepiga hesabu zake kwa mpangaji wa shirika peke yake anajenga juu ya bajeti ya nchi nyingine. Mwalimu analipa kidogo, lakini haondoki.

Ardhi ni ya nani?

Hapa ndipo watu wanapoteza fedha, kwa hiyo tukae kidogo. Sehemu kubwa ya ardhi ya West Nile iko chini ya umiliki wa kimila, na Katiba ya 1995 inautambua umiliki huo sawa na ule wa hati. Maana yake ni kwamba anayekuonyesha nyumba si lazima awe ndiye mwenye kauli ya mwisho. Sheria ya Ardhi ya 1998 inataka mwenzi wa ndoa akubali kabla ardhi ambayo familia inaishi au kupata riziki yake haijauzwa, na mila inataka wazee wa ukoo wajue.

Mwandishi wa makala haya alilipia nyumba ya vyumba vitatu Koboko miaka kadhaa iliyopita. Karatasi ilikuwa na mihuri, mashahidi wanne walitia sahihi, soda ikanywewa. Wiki ya pili ya kazi, fundi akiwa juu ya paa, alifika mama mmoja na watoto wake akaketi barazani. Alikuwa mke wa muuzaji, na hakuna aliyemuuliza. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba hana mahali pengine. Mabati mapya yalibaki pale, sehemu ya fedha ilirudi baada ya mwaka na nusu, na muda haukurudi. Digrii ya uchumi haikunifundisha kuuliza, "Mama mwenye nyumba yuko wapi?"

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata shilingi moja, zungumza na mke, watoto wakubwa, ndugu wa muuzaji na majirani wa pande zote nne, mbele ya mwenyekiti wa LC1. Kama kuna hati, ipeleke ikaguliwe katika ofisi ya ardhi ya kanda iliyoko Arua. Muhuri wa LC1 unathibitisha kwamba mkutano ulifanyika, si kwamba ardhi ni ya muuzaji.

Kwa wasomaji wetu wa Aru, Ariwara, Yei na Juba: sheria ya Uganda haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi moja kwa moja. Anaweza kukodi kwa mkataba usiozidi miaka 99. Wapo wanaonunua kwa jina la shemeji Mganda. Shemeji akifariki, au ndoa ikivunjika, nyumba inakwenda na jina lililoandikwa.

Ukarabati: anza juu, kisha chini

Nyumba nyingi za zamani katika miji hii zimejengwa kwa matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, saruji ikipakwa nje tu. Ukuta wa namna hiyo ni mzuri ukibaki mkavu. Ukilowa chini, unayeyuka polepole. Ndiyo sababu paa na maji ya mvua hutangulia rangi na vigae. Tazama mbao za paa kwa kuzichoma na msumari, kwa maana mchwa wa West Nile hula ubao kutoka ndani na kuacha ganda linaloonekana zima. Mkaratusi mbichi, ambao ndio wa bei nafuu, hupinda na kuliwa haraka. Msaji hugharimu zaidi lakini mchwa hausumbui sana. Fundi akikuambia mbao za zamani "bado ziko sawa", mwombe apande akae juu yake.

Baada ya paa, tengeneza mfereji wa kuondoa maji kuzunguka msingi, kisha choo. Wapangaji wanne wakitumia choo kimoja kibovu, hakuna rangi itakayowabakiza. Sakafu ya saruji, milango yenye kitasa kinachofunga na dirisha lenye nondo hufuata. Dari na vigae ni vya mwisho, na kwa chumba cha bei ya chini si lazima. Ukitaka kuongeza chumba au kubomoa ukuta, unahitaji kibali cha kamati ya majengo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013.

Wakati mzuri wa kazi ni Desemba hadi Februari, kiangazi kikiwa kikali. Mvua za kwanza za mwaka huja na upepo unaong'oa mabati yasiyofungwa vizuri. Aidha, saruji na nondo hutoka mbali, Tororo na Kampala, na barabara ikiwa na tatizo bei hupanda. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, malori yalilazimika kuzunguka. Nunua vifaa vyote vya hatua moja kwa pamoja, na usimpe fundi fedha za hatua inayofuata.

Kuhusu umeme, mambo yamebadilika. Kwa miaka mingi West Nile ilikuwa kisiwa, ikitegemea jenereta za kampuni ya WENRECo iliyoanza 2003, kisha maji ya Nyagak kuanzia 2012. Mwaka 2024 mkoa uliunganishwa na gridi ya taifa. Waya za zamani zilizovutwa kwa ajili ya taa mbili sasa zinabebeshwa jokofu na pasi, kwa hiyo zibadilishe, na weka mita ya kila chumba. Ugomvi wa nani ametumia umeme mwingi umevunja nyumba nyingi za wapangaji kuliko ulevi.

Hesabu yenyewe

Takwimu hizi ni za mfano tu, msomaji aweke zake. Tuseme nyumba ya vyumba vinne inanunuliwa kwa shilingi milioni 30 na kukarabatiwa kwa milioni 12. Kabla ya ukarabati kila chumba kilipangishwa 80,000 kwa mwezi, baadaye 150,000. Tuchukue kwamba kila chumba kinakaa na mpangaji anayelipa miezi 10 katika 12. Mapato ni milioni 6 kwa mwaka.

Sasa kodi, na hapa nasema kodi ya serikali, si pango. Tangu Julai 2022 mtu binafsi anatozwa asilimia 12 ya pango lote linalozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, bila kupunguziwa gharama yoyote. Kwa mfano wetu ni asilimia 12 ya 3,180,000, yaani 381,600. Risiti za saruji hazikusaidii hapa. Toa pia 600,000 za matengenezo na 480,000 za mlinzi na usafi. Kinachobaki ni 4,538,400, ambacho ni karibu asilimia 11 ya milioni 42. Halmashauri nayo inaweza kudai kodi ya majengo, ambayo mwenye kuishi katika nyumba yake mwenyewe husamehewa.

Asilimia 11 si nyingi. Hati fungani za serikali ya Uganda za miaka 10 zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 13 katika miaka ya karibuni, na hazina mchwa. Anayenunua nyumba ananunua pia matumaini kwamba kiwanja kitapanda bei.

Lakini tenga ukarabati peke yake. Milioni 12 zimeongeza 70,000 kwa kila chumba, yaani milioni 2.8 kwa mwaka, na baada ya kodi 2,464,000. Hiyo ni zaidi ya asilimia 20. Faida iko kwenye ukarabati, si kwenye ununuzi. Aliyerithi nyumba na kuiacha inabomoka yuko katika nafasi nzuri kuliko tajiri anayetafuta ya kununua. Tatizo ni mkopo. Riba za benki kwa shilingi zimekuwa zikizunguka asilimia 18 hadi 20, na hiyo inameza karibu ongezeko lote. Ni afadhali kutengeneza chumba kimoja, kukipangisha, na pango lake litengeneze cha pili.

Mpangaji na karatasi

Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 inataka mkataba wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi uwe wa maandishi. Pango halipandishwi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, kwa hiyo ukianza chini sana ili upate mpangaji haraka, utakaa huko muda mrefu. Kumtoa mtu bila amri ya mahakama ni kosa, hata kama anadaiwa. Kung'oa mlango au kukata maji, desturi tuliyoizoea, kunaweza kukupeleka mahakamani wewe.

Koboko kuna tatizo la pekee. Mpangaji anavuka Oraba kwenda kuzika, anakaa miezi minne, chumba kimefungwa na vitu vyake vimo ndani. Usivunje kufuli. Siku ya kwanza kabisa andikeni katika mkataba jina na simu ya ndugu aliye upande huu wa mpaka, na kwamba huyo ndiye atakayelipa au kuhamisha vitu mbele ya LC1. Andikeni kwa lugha ambayo wote wawili mnaielewa. Koboko, mara nyingi, ni Kiswahili.