Hesabu ya Doti, Hesabu ya Mirathi

Leo tunawaandikia kutoka bara, huku Kasulu na Kibondo, nyanda za juu za Kigoma, tuliko na vyerehani vyetu.

Wasichana wengi wanaokuja kujifunza kushona wanatuambia neno moja: hesabu za kutafuta x na za kugeuza maumbo tumeziacha shuleni, za nini tena? Sisi huwajibu kwa historia.

Karne ya 19 misafara ya pwani ilileta nguo mpaka Ujiji, hasa merikani. Nguo ilipimwa kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Shuka moja ni mikono 4, doti moja mikono 8. Mwenye mikono 24 alijua ana doti 3. Mlinganyo huo, 8x = 24, ulifanywa kichwani bila x kuandikwa. Nanyi visiwani hadi leo mnanunua kanga kwa doti.

Maumbo nayo tunayo mezani. Ukikunja kitambaa ukakata nusu ya gauni, ukikikunjua pande mbili zinatazamana kama kwenye kioo: huko ni kuakisi. Ua la kitenge linalojirudia kwa nafasi ileile limehamishwa tu, halikubadilika.

Aljebra yenyewe ni neno la Kiarabu, al-jabr, yaani kurudishia kilichovunjika, kama kuunga mfupa. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi alilitia katika jina la kitabu alichoandika Baghdad, zama za Khalifa al-Ma'mun (813–833). Kanuni yake ni ya mizani: unachoongeza upande huu, ongeza na ule. Na sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu wasia na mirathi.

Hapo ndipo panapotugusa wanawake. Tuseme mume amefariki, wazazi wake walishatangulia. Ameacha mke, mtoto 1 wa kiume na 2 wa kike. Baada ya mazishi, madeni na wasia zimebaki shilingi 3,200,000. Mke ana thumuni, 400,000. Zinabaki 2,800,000. Fungu la binti liwe x, la kaka yao 2x:

2x + x + x = 2,800,000
4x = 2,800,000
x = 700,000

Kila binti 700,000, kaka yao 1,400,000. Jumlisha na ya mama, zinatimia zote. Na mahari ambayo mume hakumaliza kulipa ni deni, hutolewa kabla ya mgawo.

Wangapi kati yetu wametia dole gumba kwenye karatasi ya mgawo bila kujua fungu lao? Haki imeshapangwa, lakini asiyejua kuhesabu hupokea anachopewa.

Bibi harusi, unapopiga hesabu ya sare na mapambo, jifunze na hii. Umfundishe na binti yako. Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.